Fimbo na Mtoto Asiyetulia

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme neno juu ya jambo ambalo kila msomaji wa gazeti hili analijua, maana sote tulipata kuwa watoto wadogo darasani, na wengi wetu tuliosoma zamani tuliondoka na alama zake mikononi, au mahali pengine ambapo si adabu kupataja. Jambo lenyewe ni hili: mwalimu afanye nini na mtoto asiyeweza kutulia?

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Sasa nafundisha darasa la kwanza katika shule moja ndogo ya mtaa wa Custom, mjini Juba, Sudani ya Kusini. Wale ambao hawajafika huku wajue ya kuwa Custom ni njia panda yenye soko kubwa, karibu na Chuo Kikuu cha Juba kilichoanzishwa mwaka 1975. Jina lake ni neno la Kiingereza la forodha, basi kama mtu angependa kulitafsiri, angesema Forodhani. Lakini msidhani ni Forodhani ya Unguja yenye upepo wa bahari! Hapa kuna vumbi, pikipiki za boda boda zisizo na hesabu, magari ya abiria yanayoita watu, na wafanya biashara kutoka Uganda, Kenya, Ethiopia na kwingineko, ambao bidhaa zao nyingi huja kwa barabara ya Nimule. Mtu akipita sokoni asubuhi atasikia Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka, Kiganda na Kiswahili kabla hajanunua hata kitunguu kimoja.

Watoto wa soko hilo ndio wanafunzi wangu. Wako 74 katika chumba kimoja cha mabati. Mtoto aliyelelewa nyuma ya meza ya mama yake sokoni amejifunza kupenya katikati ya watu, kupaza sauti, kurudisha chenji, na kukimbia upesi pikipiki isimgonge. Ana miaka sita, na mwili wake wote umefundishwa kwenda. Kisha siku moja anavalishwa sare, anaambiwa aketi kwenye benchi pamoja na wenzake watano, mikono juu ya meza, asiseme wala asigeuke, kwa saa nne. Je, ni ajabu akishindwa?

Mimi niliona ni ajabu. Tena niliona ni ukaidi. Nalitoka nyumbani na imani tuliyorithi sote, ya kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye, na ya kuwa darasa bila kiboko ni soko. Nilipofika nilitafuta ufito mzuri, nikaulaza juu ya meza yangu mahali ambapo kila mtoto angeuona. Nataka kuwasimulieni yaliyonipata na ufito ule, maana sitaki mtu adhani ninayoyasema nimeyatoa vitabuni tu.

Ilikuwa mapema mwezi wa Machi, 2024. Joto la mwaka ule wengi watalikumbuka, kwa kuwa siku chache baadaye, tarehe 18 Machi, serikali ilizifunga shule zote za nchi kwa ajili ya joto lililotazamiwa kufika digrii 45. Siku ninayoisema shule zilikuwa bado wazi. Ilikuwa yapata saa tano za asubuhi, mabati yanalia kwa jua, na watoto wamechafuka kabisa. Hawa wanasukumana, wale wanapiga benchi, wengine wamesimama. Nikafanya kama mwalimu wetu mmoja alivyokuwa akitufanyia hapo kale: nikainua ufito na kuhesabu kwa Kiswahili kwa sauti kubwa, “Moja! Mbili!” Ilikuwa desturi yangu kwamba nikifika tatu, asiyekuwa ameketi atachapwa.

Kabla sijafika tatu, kijana mmoja wa benchi la mbele akaruka juu, akanionyesha pipa lililo mlangoni, akapiga kelele, “Ustaz, moya mafi! Moya mafi!” Wenzake wakapokea, darasa zima likawa linaimba maneno yale huku likicheka. Ustaz ndivyo wanavyotuita walimu huku. Maneno mengine sikuyaelewa, maana Kiarabu cha Juba nilikuwa sijakijua. Nilisikia “moja” yangu ikirudishwa kwa namna ya mzaha, nikaona ananidhihaki mbele ya darasa. Nikampiga fimbo nne. Alilia, kisha akanyamaza, na darasa lote likanyamaza. Nikajisemea moyoni, hivi ndivyo inavyofaa.

Saa ya mapumziko nikamweleza mwalimu mwenzangu, mama mmoja wa hapa hapa Juba, jinsi nilivyokomesha utundu. Akaniuliza kijana alisema nini hasa. Nilipomwambia, alinitazama kwa muda bila kusema neno. Kisha akaniambia, “Ustaz, moya ni maji. Mafi ni hakuna. Mtoto alikuwa anakwambia maji yamekwisha.”

Nikaenda kulifunua pipa. Lilikuwa kavu. Gari la maji, ambalo huchota mto Nile na kuuza mitaani, halikuwa limepita siku ile, na mimi sikutazama. Watoto 74 walikuwa na kiu toka asubuhi, ndiyo sababu hawakutulia. Mmoja alipata ushujaa wa kusimama na kumwambia mwalimu, akadhani ya kuwa neno langu “moja” ndilo swali la maji. Malipo yake yalikuwa fimbo nne.

Wasomaji wapendwa, tangu siku ile nimefikiri sana juu ya ule ukimya uliokuja baada ya fimbo. Niliuchukua kuwa adabu. Ulikuwa woga, tena woga wa watoto wenye kiu. Fimbo ilikuwa imefanya kazi yake yote: ilizuia kelele. Lakini kelele ile ilikuwa ndiyo habari, nami nikaipiga habari ikanyamaza, pipa likabaki kavu vile vile. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Utundu wa mtoto mdogo mara nyingi ni habari inayoletwa na mtu asiye na maneno. Pengine yasema, nina kiu. Pengine yasema, sielewi lugha unayonifundishia, au kazi hii nimeimaliza zamani, au jana usiku hatukulala. Yuko na mtoto asiyesikia vizuri, ambaye hugeuka geuka ili aone wenzake wanafanya nini. Na katika nchi hii, ambayo Juba yake iliona mapigano mwaka 2013 na tena mwaka 2016, wako waliolelewa katika nyumba zenye hofu. Mwalimu anayepiga kwanza hatajua ni lipi kati ya hayo.

Najua yatakayosemwa na wenzangu wa zamani, kwa sababu mimi mwenyewe nalikuwa nikiyasema. La kwanza, “Sisi tulipigwa, na tazama, tumekuwa watu.” Ni kweli tumekuwa watu. Lakini wanaosoma gazeti hili ni wale waliobaki. Mimi nakumbuka wenzetu wa shule ya msingi walioacha masomo kwa kuchoka kupigwa kila asubuhi. Hao hawaandiki katika magazeti ya shule, wala hakuna awaulizaye kama fimbo iliwafaa. Tukitaka kutoa hesabu ya haki, nao wahesabiwe.

La pili, “Wazazi wenyewe wanataka.” Hili nalo ni kweli. Baba mmoja alinijia na mwanawe, akaniambia nimchape tu mpaka anyoke. Sikumlaumu. Ni mtu anayeamka alfajiri kwenda kubeba magunia, naye anaogopa mtoto wake asije akawa mtoto wa barabarani. Anaitaka adabu, na kwa adabu anajua njia moja tu, ile aliyoonyeshwa yeye. Lakini mzazi huweza kumwomba mganga sindano kwa ugonjwa usiotaka sindano. Mganga mwema haitoi kwa kuwa ameombwa.

La tatu, “Sheria iko wapi?” Sheria ipo. Katiba ya Mpito ya Sudani ya Kusini ya mwaka 2011, katika ibara ya 17, inampa mtoto haki ya kutopigwa, na inawataja wazazi na shule kwa majina. Kenya iliondoa kiboko mashuleni mwaka 2001. Uganda ilikikataza kwa sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016. Tanzania bado inairuhusu fimbo, lakini kwa mipaka: haizidi minne, ni kazi ya mwalimu mkuu au aliyepewa ruhusa naye, na lazima iandikwe. Mimi sikuwa mwalimu mkuu wala sikuandika chochote, basi hata huko ningekuwa mkosaji. Hata hivyo sheria peke yake haimwambii mwalimu afanye nini kesho asubuhi na watoto 74, ndiyo maana wengi huivunja wakifunga mlango.

La nne ndilo zito, nalo ni hili: “Darasa kubwa halitawaliki kwa maneno matamu.” Nakubali. Asiyekubali aje Custom mchana. Walakini tufanye hesabu. Wakati nilipotumia ufito, kila somo lilikatika mara nyingi: kumwita mkosaji, kumsubiri aje, kumchapa, kumsubiri anyamaze, na kuwatuliza waliokuwa wakimtazama. Mmoja amekosa, na 73 wameacha kusoma. Tena waliochapwa Jumatatu ndio waliochapwa Ijumaa. Kama dawa ingekuwa inaponya, wagonjwa wangebadilika.

Yuko mtaalamu mmoja wa Marekani, Jacob Kounin, aliyetoa kitabu chake mwaka 1970 baada ya kuwapiga picha walimu wakiwa kazini na kuzichunguza. Alitaka kujua ni karipio la namna gani linaloleta utulivu. Akaona ya kuwa yale mwalimu ayafanyayo baada ya mtoto kukosa hayamtofautishi sana mwalimu mwenye darasa tulivu na mwenye darasa la fujo. Tofauti ilikuwa katika yale ayafanyayo kabla: kuona pande zote kwa wakati mmoja, kuliendesha somo bila kulikatakata, na kumfanya kila mtoto awe na jambo la kutenda. Na kabla yake, Januari 1907, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Watoto wale walikuwa wakiachwa peke yao mchana wazazi wakienda kazini, nao wakiharibu kuta za majumba. Aliwapa kazi za kweli za mikono: kumimina maji, kufagia, kufunga vifungo, kupanga vitu. Watu waliokuja kutazama walistaajabu kuona utulivu wao.

Nami nikajaribu. Sikufanya mambo makubwa, na wala hayakutaka fedha. Nitayataja yale yaliyonifaa.

Kwanza, kila asubuhi nasimama mlangoni, namwamkia kila mtoto kwa jina lake, na kulitazama pipa kabla ya kumtazama mtoto yeyote. Anayekuja na uso mzito namjua kabla hajaingia.

Pili, kazi za kukaa nimezifupisha. Dakika kumi za kuandika, kisha wote wanasimama: tunahesabu kwa kuruka, au tunaandika herufi hewani kwa mkono mzima. Mtoto atakayeruka akiamriwa hana haja ya kuruka bila kuamriwa.

Tatu, wale wasiotulia kuliko wote ndio wenye vyeo. Wao hugawa daftari, hufuta ubao, hupeleka kikombe cha maji kutoka benchi hadi benchi. Hapo kwanza wenzangu walisema ninawapa watundu zawadi. Lakini kazi hizo lazima zifanywe na mtu, na anayetaka kutembea ndiye wa kutembezwa.

Nne, sauti yangu nimeishusha. Nikitaka kimya napiga makofi matatu, nao hujibu kwa makofi matatu, kisha mikono inashuka. Tulijifunza jambo hili kwa wiki nzima kama tunavyojifunza alfabeti. Zamani nalidhani watoto wanajua namna ya kunyamaza na hawataki. Kumbe hakuna aliyewafundisha.

Tano, lugha. Mpango wa masomo wa nchi hii unataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha zao, lakini darasa la Custom lina lugha nyingi kuliko madirisha. Basi nimejifunza Kiarabu cha Juba cha kutosha kuuliza mtoto ana nini, na kila benchi lina mkalimani wake mdogo. Mtoto anayeelewa hucheza kidogo.

Sita, adhabu haikuondoka. Naliandika hili kwa makusudi, asije mtu akadhani nimewaachia watoto kamba. Aliyemwaga maji atayafuta. Aliyempiga mwenzake ataketi karibu nami mpaka atulie, kisha atarudi mahali pake na kufanya kazi aliyoikosa. Na nikihitaji kumwona mzazi, jioni ile ile nakwenda sokoni, nasimama mbele ya meza ya mama yake, namwamkia, nanunua nyanya, ndipo tunazungumza. Nimeona ya kuwa watoto waliogopa safari zangu za sokoni kuliko walivyouogopa ufito.

Je, darasa langu sasa ni tulivu kama msikiti au kanisa? La, hasha. Ziko siku nashindwa kabisa, na sauti yangu inasikika mpaka barabarani. Mwezi wa Februari 2025 joto lilipowaangusha wanafunzi wa Juba, kumi na wawili kwa siku kama alivyosema naibu waziri wa elimu, na shule zikafungwa tena, hakuna mbinu yangu hata moja iliyofaa kitu. Mtoto aliyepikwa na mabati hafundishiki, kwa fimbo wala kwa makofi. Hapo kinachotakiwa ni kivuli, maji na majengo bora, na wenye mamlaka wasikubali mwalimu apigwe kisogo wala mtoto apigwe mgongo kwa makosa ya paa.

Limebaki jambo moja. Siku ya pili baada ya zile fimbo nne, nilimsimamisha yule kijana mbele ya darasa, nikasema kwa Kiarabu changu kibovu ya kuwa ustaz alikosa, na kwamba yeye alisema kweli. Baadhi ya walimu wenzangu hawakupendezwa. Walisema mwalimu akimwomba mtoto radhi, heshima imekwenda na maji. Mimi naona heshima iliyoweza kuondoka kwa neno la kweli haikuwa heshima. Yule kijana ndiye aliyekuwa mkuu wa pipa mwaka ule mzima, na maji hayakukauka tena bila mimi kujua. Lakini hata mwisho wa mwaka, nilipoinua mkono karibu naye ili niandike ubaoni, aliufinya mwili wake kidogo. Radhi yangu haikuweza kukifuta kile nilichokifundisha kwa dakika moja.

Neno langu la mwisho ni kwa wanafunzi mlio shuleni sasa, hasa viranja na wazee wa mabweni. Msidhani habari hii ni ya walimu tu. Nanyi mmepewa wadogo wa kuwaangalia, na baadhi yao hawatulii, na mna nafasi nyingi za kuwafanya wanyamaze wakati hakuna mtu mzima anayetazama. Samaki mkunje angali mbichi, ni kweli, lakini asiyejua kumkunja humvunja. Kabla hamjampa mdogo wenu adhabu, muulizeni ana nini, kisha nyamazeni mpaka ajibu. Na wanafunzi wa zamani wenzangu, mnaopita Custom na magari yenu ya mizigo: mkiona shule ya mabati kando ya barabara, shukeni mkatazame kama pipa lina maji.

Ule ufito sikuutupa. Tunautumia kuonyesha herufi ubaoni.

Ni mimi wenu,
Mwanafunzi wa zamani, Juba.